Mtakatifu Cuthbert: Mkaapweke Aliyegawana Shayiri na Ndege



Karibu kila parokia niliyowahi kwenda kwa mazoezi ya kichungaji nimekuta Cuthbert mmoja. Kuna aliyekuwa anaimba besi kwaya, kuna aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, na mwingine alikuwa fundi wa kutengeneza baiskeli nje ya geti la kanisa. Kila nilipowauliza somo wao alikuwa nani, walicheka tu na kukuna kichwa. Basi leo, kwa kuwa sikukuu yake ni tarehe 20 Machi, katikati kabisa ya Kwaresima, naomba tumjue huyu mzee. Na tumjue kwa upande mmoja ambao wengi hatuutegemei kwa mtakatifu: namna alivyoishi na ndege na wanyama wa porini.

Niseme wazi kwa nini nimeanza kumpenda. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya mtama. Mtama ukianza kukomaa, sisi watoto tulikuwa tunapelekwa shambani kabla jua halijatoka, tunapanda kwenye dungu, tunaamia ndege mpaka giza liingie. Kama umewahi kuona kundi la kwelea kwelea likishuka, unajua ninachosema. Ni kama wingu lina njaa. Mkichelewa asubuhi moja tu, chakula cha nyumba kimekwenda. Kwa hiyo nilipofika seminari na kuanza kusikia habari za kutunza viumbe, moyoni nilikuwa nasema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Halafu nikakutana na Cuthbert, mtu aliyelima shayiri yake mwenyewe, na ndege wakaja kuila.

Kijana mwenye farasi na mkuki

Cuthbert alizaliwa karibu mwaka 634 katika ufalme wa Northumbria, eneo ambalo leo ni kaskazini ya Uingereza na kusini ya Uskoti. Utotoni hakuwa mpole wa kukaa pembeni. Alipenda michezo: kukimbia, kuruka, kupigana mieleka, na alikuwa anajisifu kwamba anawashinda hata waliomzidi umri. Yaani, ni kijana kama wewe na mimi.

Mambo yalibadilika usiku mmoja mwaka 651. Alikuwa milimani na wenzake wakilinda kondoo. Wenzake wamelala, yeye yuko macho anasali. Akaona mwanga ukipasua giza, na malaika wakishuka na kupanda tena wakiwa wamebeba roho yenye kung'aa. Siku chache baadaye zikaja habari kwamba Askofu Aidan wa Lindisfarne, mmisionari aliyetoka Iona kuinjilisha nchi ile, amefariki. Cuthbert akaunganisha mambo hayo mawili, akaacha kondoo kwa wenyewe, akaenda kubisha hodi monasteri ya Melrose. Alifika akiwa juu ya farasi na mkuki mkononi. Mlangoni akampa mtumishi vyote viwili, akaingia kanisani kusali. Hakuvidai tena.

Kuna habari ndogo ya safari zake za ujana ambayo naipenda sana. Siku moja ya Ijumaa alikuwa njiani peke yake, amefunga, hataki kula mpaka jioni. Usiku ukamkuta mahali pasipo na watu, akajibanza kwenye kibanda cha wachungaji kilichoachwa. Farasi, kwa njaa, akaanza kuvuta nyasi za paa. Pamoja na nyasi kikaanguka kitambaa, ndani yake mkate wa moto na nyama. Cuthbert akamshukuru Mungu, kisha akaumega ule mkate katikati. Nusu akala yeye, nusu akampa farasi. Hakumtupia makombo. Alimpa nusu.

Mpira wa maisha hauendi unavyopanga

Pale Melrose mlezi wake alikuwa padri mtakatifu aitwaye Boisil. Baadaye Cuthbert alipelekwa na abati wake, Eata, kwenye monasteri mpya ya Ripon, akapewa kazi ya kupokea wageni. Haikudumu. Watawala wakabadili mpango, watawa wa kutoka Melrose wakaondolewa, wakarudi walikotoka. Halafu tauni ikaingia nchini. Cuthbert akaugua, akapona, lakini ugonjwa ulimwachia maumivu aliyoyabeba mpaka kaburini. Boisil naye akashikwa. Alipojua amebakiza siku saba tu za kuishi, wawili hao walizitumia kusoma pamoja Injili ya Yohane, sehemu moja kila siku, mpaka ikaisha. Boisil akafa, na Cuthbert akawekwa kuwa mkuu mahali pake.

Akiwa na wadhifa huo hakukaa ofisini. Alikwenda vijiji vya milimani ambako wengine waliogopa kwenda, kwa miguu au kwa farasi, akikaa huko wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi mzima, akihubiri na kuungamisha. Watu wengi huko, tauni ilipowabana, walikuwa wamerudia hirizi na uganga. Hiyo nayo tunaijua sisi.

Ni katika safari hizo kuna kisa cha tai. Alikuwa anatembea na mvulana mmoja kando ya mto, chakula hakuna. Wakamwona tai ametua ukingoni na samaki mkubwa. Mvulana akakimbia akamchukua yule samaki, akamleta mzima. Cuthbert hakufurahi vile mvulana alivyotegemea. Alimwuliza kwa nini hakumwachia mvuvi wao sehemu yake, kisha akamwagiza amkate samaki katikati na kurudisha nusu kwa tai. Nusu iliyobaki waliipika kwenye nyumba ya jirani, wakala pamoja na wenyeji.

Kisa cha pili kilitokea Coldingham, alipoalikwa na abesi Æbbe. Usiku, watu wakiwa wamelala, Cuthbert alikuwa anatoka kimya kimya. Mtawa mmoja, kwa udadisi, akamfuata kwa kujificha. Akamwona anashuka baharini, anaingia kwenye yale maji ya baridi kali mpaka shingoni, na kusali humo hadi karibu na alfajiri. Alipotoka akapiga magoti mchangani. Fisi maji wawili wakatoka baharini, wakampulizia miguu pumzi yao ya joto, wakaikausha kwa manyoya yao. Akawabariki, wakarudi majini. Yule mpelelezi alishikwa na hofu hata akaugua. Asubuhi alikwenda kuomba msamaha. Cuthbert alimsamehe kwa sharti moja: asimwambie mtu yeyote habari hiyo mpaka yeye Cuthbert atakapokuwa amekufa.

Kisiwa cha ndege

Baada ya miaka ya kuwa mkuu wa watawa wa Lindisfarne, mwaka 676 Cuthbert aliruhusiwa kufanya alichokitamani muda mrefu: kwenda kuishi peke yake na Mungu. Alichagua kisiwa kidogo cha Inner Farne, mkabala na ngome ya wafalme ya Bamburgh. Ni mwamba mtupu, upepo, mawimbi na ndege. Watu walisema pana mashetani. Akajenga makao ya mviringo kwa mawe na udongo, ukuta mrefu kupita kimo cha mtu, na kwa ndani akachimba chini zaidi, ili asione kitu kingine ila mbingu.

Mwanzoni watawa wenzake walimletea mkate. Yeye akaona si haki aishi kwa jasho la wengine, akaomba jembe na mbegu. Alipanda ngano, haikuota. Akaomba shayiri, akaipanda ikiwa imeshachelewa kabisa msimu wake, nayo ikaota vizuri. Ilipoanza kukomaa, ndege wakavamia.

Hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti changu, maana hilo shamba nalijua. Cuthbert alifanya nini? Hakutega mtego wala kutia sumu. Aliwaendea akaongea nao. Aliwauliza kwa nini wanavuna wasichopanda, akawaambia kwamba kama wana ruhusa ya Mungu basi waendelee, na kama hawana waondoke. Wakaruka, na hawakugusa tena shayiri yake.

Baadaye ikawa zamu ya kunguru. Pale ufukweni alikuwa amejenga nyumba ya kupokelea wageni, na kunguru wawili wakawa wananyofoa majani ya paa kwenda kujengea kiota. Aliwaonya kwa ishara ya mkono, wakapuuza. Ndipo akawaamuru kwa jina la Yesu Kristo waondoke. Wakaondoka. Siku ya tatu mmoja akarudi, akamkuta analima. Akatandaza mabawa, akainamisha kichwa, akalia kwa unyonge kama anayeomba radhi. Cuthbert akaelewa, akampa ruhusa ya kurudi. Kunguru akaenda kumchukua mwenzake, wakaja na kipande kikubwa cha mafuta ya nguruwe kama zawadi. Cuthbert aliyaweka yale mafuta, akawa anawapa wageni wapake viatu vyao, huku akiwasimulia kwamba hata ndege anajua toba.

Naomba tuangalie vizuri. Huyu si mtu wa kubembeleza wanyama hovyo. Alikuwa na mipaka: hapa ni shamba langu, hapa ni paa la wageni wangu. Lakini mpaka haukuwa chuki. Aliyeufuata alibaki jirani, na aliyetubu alirudishwa nyumbani.

Bata wa Cuthbert

Ukienda visiwa vya Farne leo utasikia habari ya bata wa baharini waitwao aida. Jike lake hunyofoa manyoya laini ya kifuani mwake na kuyatandika kwenye kiota, kisha hulalia mayai karibu wiki nne bila kula chochote cha maana. Manyoya hayo ni ya joto ajabu, na tangu zamani watu wameyatafuta kwa ajili ya matandiko. Mayai nayo yalikuwa chakula. Kwa hiyo bata anayekaa kimya kwenye kiota chini ni rahisi sana kumwibia.

Wenyeji wa pwani ile wanawaita bata wa Cuddy, yaani bata wa Cuthbert, na wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyewawekea ulinzi kisiwani. Wapo wanaoandika kwamba hiyo ya mwaka 676 ni sheria ya kwanza duniani ya kulinda ndege. Tuwe wakweli: Mtakatifu Beda, aliyeandika maisha ya Cuthbert miaka kama 34 tu baada ya kifo chake na kuyahakikisha kwa watawa wa Lindisfarne waliomfahamu, hawataji kabisa bata hawa. Wanaanza kusimuliwa katika karne ya 12 na Reginald, mtawa wa Durham. Kwa hiyo sheria hatuna. Tunachojua ni kwamba kufikia karne hiyo watawa walioishi kisiwani waliona ni dhambi kumdhuru bata wa Cuthbert, na kwamba ulinzi huo waliupokea kama urithi wake. Mtu anaweza kuacha sheria kwenye karatasi na isifuatwe. Cuthbert aliacha mazoea, na mazoea yakawa kinga.

Kuacha kisiwa

Sasa tuje kwenye kipimo chake halisi. Mwaka 684 sinodi ilimchagua kuwa askofu. Barua zikatumwa kisiwani, hakutoka. Mwishowe Mfalme Ecgfrith mwenyewe, pamoja na askofu na wakubwa wengine, walipanda mashua wakaenda kumpigia magoti. Alitoka kwenye maskani yake akilia. Aliwekwa wakfu York, siku ya Pasaka mwaka 685, na Askofu Mkuu Theodore.

Fikiria. Miaka minane amekaa na Mungu wake, shayiri yake na ndege wake. Amepata alichokitafuta tangu ujana. Halafu Kanisa linamwambia achia. Na yeye akaachia. Kwa karibu miaka miwili alizunguka jimbo zima, wakati tauni imerudi na vijiji vingine vimebaki karibu vitupu, akiwapa watu Kipaimara, akiwafariji waliofiwa.

Baada ya Noeli ya mwaka 686 alijua siku zake zimekaribia, akarudi kisiwani. Alipozidiwa, dhoruba ilizuia mashua kwa siku tano. Watawa walipofika walimkuta amekaa katika nyumba ya wageni. Akawaonyesha vitunguu vitano alivyokuwa ameviweka karibu, akasema hicho ndicho kilikuwa chakula chake. Kimoja tu kilikuwa kimemegwa, tena chini ya nusu. Alifariki usiku wa tarehe 20 Machi 687, baada ya kupokea Komunyo Takatifu. Mtawa mmoja akawasha mienge miwili, akapanda juu akaishika mikononi, ili ndugu waliokuwa wanakesha Lindisfarne waione na kujua.

Miaka 11 baadaye walifungua kaburi wakaukuta mwili wake mzima. Kwa heshima yake Askofu Eadfrith aliandika kwa mkono Injili za Lindisfarne, ambazo kurasa zake zimejaa michoro ya ndege waliosukana shingo kama ukili. Wavikingi waliposhambulia mwaka 793 na kuendelea kusumbua, watawa mwishowe, mwaka 875, waliubeba mwili wake na kuhama nao. Tangu 995 uko Durham, ambako baadaye lilijengwa kanisa kuu lililopo mpaka leo.

Na ndege je?

Bado wapo. Tangu 1925 visiwa vya Farne viko chini ya shirika la hifadhi la National Trust. Kuna sili wanaozaa juu ya miamba, kuna zaidi ya jozi 40,000 za pafini, ndege mwenye mdomo wa rangi nyingi anayetaga ndani ya shimo ardhini. Kuna buabua wa Aktiki wanaotaga kando ya njia ya wageni na kuwadonoa kichwani, mpaka wageni wanashauriwa kuvaa kofia. Mwaka 2022 homa ya ndege ilipoingia, wageni walizuiwa kushuka visiwani na walinzi wakaokota maelfu ya mizoga kwa mikono yao.

Huyo buabua ana uzito wa kama gramu 100 tu. Watafiti walimfunga mmoja kifaa kidogo mguuni pale Farne. Aliondoka Julai 2015, akashuka pwani ya magharibi ya Afrika, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema akaingia Bahari ya Hindi, akaenda mpaka Antaktika, na Mei 2016 alikuwa amerudi kisiwani. Jumla kilomita 96,000. Kiumbe kinachotaga jirani na mlango wa Cuthbert kimepita kwenye bahari yetu, na hakuna aliyekiona.

Darasani, kwenye falsafa, tulisoma hoja ya Mtakatifu Toma wa Akwino kwamba Mungu aliumba viumbe vingi na tofauti kwa sababu wema wake ni mkubwa mno kuoneshwa na kiumbe kimoja. Kinachokosekana kwa hiki, kinaonekana kwa kile. Niliijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini nilikuja kuielewa niliporudi likizo nyumbani, nikapanda dungu lile lile, nikawaamia kwelea kwelea kama zamani, na kwa mara ya kwanza nikawatazama. Mdomo mwekundu. Mizunguko yao angani, maelfu kwa maelfu, bila kugongana. Niliendelea kuwafukuza, maana mdogo wangu lazima ale. Ila manati niliyokuwa nimezoea kuivaa shingoni niliiacha nyumbani. Zamani nilikuwa naitumia hata kwa ndege wasiogusa mtama, chiriku na tetere, kwa kujifurahisha tu. Niliwahi kumwangusha mmoja aliyekuwa na chakula cha makinda mdomoni. Hilo nimelipeleka kitubioni, na sikuona aibu.

Nafikiri hapo ndipo Cuthbert anatuongoza sisi tunaolima. Kutunza viumbe hakutuombi tuache shamba liliwe. Kunatuomba tujue tofauti kati ya kulinda chakula na kuua kwa mazoea, kati ya samaki mzima na nusu ya tai. Kunaomba pia tukumbuke kwamba sisi nasi ni wapangaji kisiwani.

Wiki hii ya Kwaresima, fanya jambo moja. Amka mapema siku moja, acha simu ndani, toka nje ukae kimya kwa robo saa, usikilize ndege wa kwenu. Jaribu kuwatambua hata watatu kwa majina ambayo bibi na babu wanawaita. Kama huyajui, kawaulize. Halafu sali. Na ukikutana na Cuthbert wa parokia yenu, mwambie somo wake alikuwa nani.

Mtakatifu Cuthbert, uliyegawana mkate na farasi na samaki na tai, utuombee.